Kiluvya Si Shamba Tena

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akapita Ubungo, Kimara na Mbezi, kisha akaiacha Kibamba nyuma yake, hawezi kusema kwa hakika ni wapi mji ulipokwisha. Zamani alijua. Nyumba zilikuwa zikipungua, mikorosho na miembe ikaanza, na utingo wa basi alikuwa akipaza sauti kuwaamsha abiria wachache waliosalia. Leo nyumba hazipungui. Maduka ya saruji na mabati yafuatana na vibanda vya chipsi, gereji zafuatana na makanisa na misikiti, na kabla msafiri hajatambua amekwisha kuwasili Maili Moja, Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Hapo katikati, baina ya Kibamba iliyo sehemu ya Dar es Salaam na Kibaha iliyo mji wenye baraza lake, ndipo ilipo Kiluvya, na habari zake ndizo tutakazo kuzizungumza leo.

Kiluvya ni jina moja lenye makao mawili. Uko mtaa wa Kiluvya katika kata ya Kibamba, Wilaya ya Ubungo, Mkoa wa Dar es Salaam. Na iko kata ya Kiluvya katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mgeni hawezi kuona mpaka ulipo, na wenyeji wenyewe hutaja Gogoni na Madukani bila ya kujali nani yu mkoa gani. Sisi twasema juu ya Kiluvya ya Kisarawe, maana ndiyo iliyopatwa na jambo la ajabu: imekuwa mji machoni pa kila apitaye, lakini katika vitabu ingali ni sehemu ya halmashauri ya wilaya, iliyoundwa kwa ajili ya mashamba.

Tutazame kwanza maisha ya mkazi wake. Wako Wazaramo wenyeji, ambao babu zao walilima mihogo na kuchuma korosho huko. Wako walimu na wauguzi, askari waliostaafu, mafundi, wafanya biashara wa Kariakoo, na wapangaji waliochoshwa na kodi za Sinza na Manzese wakasema heri kibanda changu mwenyewe mbali kuliko chumba cha mtu karibu. Wengi wao hulala Pwani na kufanya kazi Dar es Salaam. Huamka kabla ya alfajiri, wakasimama kando ya barabara kungojea gari, na jioni hurudi giza limekwisha kuingia. Mkazi huyo akiugua hupelekwa Mloganzila, iliyo Ubungo, au Tumbi, iliyo Kibaha. Akitaka kusafiri kwenda bara hupanda basi Mbezi, katika kituo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1921 na miaka mia moja juu yake, yaani 2021. Wazee wetu wa zamani wangecheka kusikia kwamba stendi ya mabasi ya bara imehamia porini. Maji yake hutoka Ruvu Juu, pale Mlandizi, Wilaya ya Kibaha, nayo huletwa na DAWASA, ambayo ni mamlaka ya Dar es Salaam. Basi ni pale tu atakapo kibali cha kujenga, au hati ya ardhi, au mhandisi wa kutazama daraja lililobomoka, ndipo aambiwapo: nenda Kisarawe.

Na Kisarawe iko wapi? Mji wa Kisarawe uko juu ya vilima, nyuma ya Pugu, kwa barabara nyingine kabisa. Njia ya lami aijuayo abiria asiye na gari lake ni kurudi Mbezi, akapita Malamba Mawili na Kinyerezi, akatokea Banana, akashika barabara ya Pugu, akapita Gongo la Mboto na Pugu yenyewe, ndipo akapanda kilima. Maana yake ni kwamba raia wa Mkoa wa Pwani, ili afike katika ofisi ya wilaya yake iliyo katika mkoa huo huo wa Pwani, hutoka nje ya mkoa wake, akaingia Dar es Salaam, akaizunguka karibu nusu yake, kisha akarudi Pwani kwa mlango mwingine. Siku nzima ya kazi imekwisha. Na akifika akaambiwa kwamba mwenye kutia sahihi ametoka, atarudi kesho, hana la kufanya ila kuirudia safari ile ile.

Tusiwalaumu maofisa wa Kisarawe kwa jambo hili. Hawakuichora ramani wao. Hapo kale wilaya hiyo, iliyoitwa Uzaramo, iliuzunguka mji wa Dar es Salaam kama pete inavyozunguka kidole, na Kisarawe ilikuwa boma linalotazama pande zote. Katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ilitengwa ikawa mkoa kamili. Mwaka 1979 Kibaha ikafanywa wilaya. Mwaka 1995 Mkuranga nayo ikakatwa kutoka Kisarawe. Kila mara kipande kilipoondolewa, kilichobaki kilizidi kupoteza umbo lake, na Kiluvya ni ncha ya nguo iliyosalia upande wa pili wa mkasi. Wakati ule haikuonekana kuwa hasara. Walikuwapo watu wachache, na aliyekuwa na haja ya boma alikwenda mara moja kwa mwaka, pengine hata hakwenda.

Lakini mji haukungoja. Tangu zamani Dar es Salaam imekuwa ikinyosha vidole vyake katika barabara nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, na watu wakajenga kufuata vidole hivyo kwa sababu ndiko kuliko na gari. Wataalamu walichora ramani kuu za mji mwaka 1949, wakachora tena 1968 na 1979, na kila mara nyumba zilikuwa zimekwisha kuipita ramani kabla wino haujakauka. Baada ya ile ya 1979 ilipita miaka zaidi ya 30 bila ya ramani kuu nyingine kuanza kutumika. Katika miaka hiyo mtu aliyekuwa akijenga Kimara alikuja akajenga Mbezi, na mwanawe akajenga Kibamba, na sasa mjukuu anatafuta kiwanja Kiluvya.

Tazama hesabu za sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na mwaka 2022 ukawa na watu 5,383,728. Umeongezeka kwa watu milioni 1 na kidogo, ambalo ni ongezeko la kama robo. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 ukawa na watu 2,024,947. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya laki 9, na limekaribia kuufanya mkoa mzima kuwa mara mbili katika muda wa miaka 10. Hakuna mtu atakayeamini kwamba watu hao wote wamekuja kulima korosho. Viwanda vya Kibaha na Mkuranga vimevuta wengi, ni kweli. Lakini wengine ni Dar es Salaam yenyewe, iliyouvuka mpaka wake usiku usiku na vitanda vyake na masufuria yake.

Sasa je, mji huo uliovuka mpaka unatawaliwa kwa sheria gani? Halmashauri ya Kisarawe ni halmashauri ya wilaya, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Chini yake utawala wa msingi ni kijiji na kitongoji. Kijiji chetu cha Tanzania, kwa umbo lake la kisheria, ni mtoto wa mwaka 1975, wakati wa kukusanya watu waishi pamoja na kulima pamoja. Kilifikiriwa kama jamii ya wakulima wajuanao, wenye ardhi yao kuizunguka, na mkutano mkuu ambamo kila mtu mzima ana kauli. Ni jambo zuri, na tutalirudia. Lakini kijiji hicho hakikufikiriwa kuwa na nyumba za kupanga, na vyoo vinavyojaa kila mwezi, na malori ya kokoto yapitayo usiku kucha, na wakazi ambao mwenyekiti hajapata kuwaona uso kwa uso kwa sababu huondoka gizani na kurudi gizani. Hakina mpima ardhi wake. Hakina gari la taka. Bajeti yake haiwezi kuchimba mtaro mmoja wa maana.

Matokeo yake kila mtu ameyaona. Mzee mwenye shamba la ekari 5 anauza ekari moja ili asomeshe wajukuu. Dalali huikata viwanja vya hatua ishirini kwa ishirini, akiacha kichochoro cha kupita pikipiki. Karatasi ya mauziano hugongwa mhuri, mashahidi wakatia sahihi, fedha ikalipwa, na katika karatasi hiyo yote hakuna mahali palipoandikwa barabara itapita wapi, wala maji ya mvua yatakwenda wapi. Mnunuzi wa juu hujenga ukuta. Maji ya masika yakikuta ukuta hupinda, yakaingia kwa mnunuzi wa chini. Hapo majirani, ambao wote ni watu wema, huanza kutosemezana.

Na tukumbuke yaliyotokea mwaka 2017, nyumba za kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilipobomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Barabara yenyewe tunaisifu. Kilometa 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha zilipanuliwa kuwa na njia nane, na aliyekuwa akikaa saa tatu katika msongamano anajua faida yake. Lakini tuliwaona watu wazima, waliojenga kwa jasho la miaka 20, wakisimama mbele ya alama nyekundu ya X iliyopakwa ukutani mwao kama mtu asomewaye hukumu kwa lugha asiyoijua. Mahali ambapo mji una baraza, na baraza lina ramani ubaoni, na ramani hiyo mtu yeyote aweza kuitazama kabla hajanunua tofali la kwanza, mambo hayo hupungua. Hatusemi kwamba hukoma kabisa. Wengi wa waliobomolewa walikuwa ndani ya manispaa, yenye baraza na wataalamu, na hilo halikuwaokoa. Baraza lisilofanya kazi yake halimfai mtu. Lakini baraza lisilokuwapo haliwezi hata kulaumiwa.

Nchi yetu imekwisha kujaribu kuishi na miji isiyo na mabaraza, nayo ilijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na kazi zake zikatiwa mikononi mwa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa njema: vijiji vilikuwa vimeachwa nyuma muda mrefu, ikaonekana yafaa nguvu zote zielekezwe huko. Lakini miji ikabaki kama nyumba ambayo mwenyewe amesafiri. Mitaro iliziba, taka zikalundikana, taa za barabarani zikazimika moja moja, na katika miaka ile kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 sheria za serikali za mitaa zikatungwa upya kwa nchi nzima. Walioishi wakati ule hawahitaji kuelezwa. Sisi twalitaja kwa ajili ya vijana, ambao pengine wanadhani kwamba baraza la mji ni ofisi ya kutoza ushuru tu.

Hapa twasikia sauti mbili zikitupinga, na zote mbili zina haki ya kujibiwa.

Ya kwanza yasema: kwa nini mnajisumbua, Kiluvya ipewe Dar es Salaam na mambo yaishe. Wakazi wengi wenyewe wangefurahi kusema wako Dar es Salaam. Mtu akiulizwa unakaa wapi, si wengi wanaojibu Kisarawe. Lakini twauliza, Kisarawe itabaki na nini? Kiluvya ni moja ya sehemu zake chache zenye maduka na biashara za kulipa ushuru. Ukiikata, wanaobaki Mafizi na Vikumburu, kule mbali katika bonde, watakuwa wamenyang'anywa mfuko unaowasaidia kujenga zahanati. Na kuusogeza mpaka hakuuzuii mji usisogee. Mwaka huu Kiluvya, mwaka kesho mtaulizwa habari za Visiga na Mlandizi, na baadaye Soga, ambako tangu mwaka 2024 gari moshi la umeme husimama likielekea Morogoro. Haiwezekani mkoa mmoja uendelee kumeza wenzake kila sensa ihesabiwapo.

Jirani zetu wamelijaribu jambo hili kwa namna zao. Kule Uganda wilaya ya Wakiso inaizunguka Kampala karibu pande zote, na katika sensa ya mwaka 2014 Wakiso ilikuwa na watu karibu milioni 2, hali Kampala yenyewe ilikuwa na milioni 1.5. Mji ulikuwa umekuwa mdogo kuliko kitongoji chake! Waganda hawakuiingiza Wakiso ndani ya Kampala. Waliianzishia miji na manispaa zake, Nansana na Kira na mingineyo, na bado wanahangaika na mitaro inayovuka mipaka. Kule Kenya watu wengi wafanyao kazi Nairobi hulala Ongata Rongai na Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, na kila siku huvuka mpaka wa kaunti mara mbili. Tungependa viongozi wetu waende huko kutazama, wasiende kutazama majengo marefu tu.

Na Marekani, nchi yenye fedha kuliko zote, hali hiyo ipo tangu zamani na ina jina la kisheria. Huko zipo jamii kubwa kandokando ya miji mikubwa ambazo hazina meya wala baraza, zatawaliwa moja kwa moja na kaunti. Mfano ujulikanao sana ni East Los Angeles. Katika sensa ya mwaka 2020 ilikuwa na watu zaidi ya 118,000, wengi wao wakiwa na asili ya Meksiko, lakini si sehemu ya jiji la Los Angeles, wala si mji peke yake. Wakazi wake wamejaribu mara kadhaa kuomba wawe na mji wao. Mara ya mwisho, mwaka 2012, waliambiwa na chombo kihusikacho kwamba mapato yao hayatoshi kuendesha mji, wakakataliwa. Miji mingine ya jirani ilikuwa imekwisha kujiundia mabaraza zamani, na biashara kubwa zimo ndani ya mipaka ya miji hiyo. Aliyechelewa alikuta sahani tupu. Kisa hicho twakiona kinaihusu Kiluvya kuliko mtu anavyoweza kudhani, kwa maana leo Kiluvya ina barabara kuu, ina viwanja visivyojengwa bado, ina wafanya biashara wanaokuja. Baada ya miaka 15 maeneo yote yenye faida yatakuwa yamekwisha kushikwa, na kitakachobaki cha kupangwa kitakuwa vichochoro.

Sauti ya pili inatupa shida zaidi, maana hiyo hutoka kwa wenyeji wenyewe. Wanasema: mkitufanya mji mtatunyang'anya kijiji. Kwa sheria halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni chombo kamili. Chaweza kumiliki mali kwa jina lake, chaweza kushitaki na kushitakiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndicho kisimamiacho ardhi ya kijiji, na ardhi haigawiwi bila ya mkutano mkuu kukubali. Mtaa wa mjini hauna nguvu hizo. Mwenyekiti wa mtaa huandika barua za utambulisho, akasuluhisha ugomvi wa majirani, lakini ardhi iko mikononi mwa manispaa, mbali. Mzee wa Kiluvya aliyezoea kusimama mkutanoni na kusema hapana, siku nchi yake itakapoitwa mji atakuta kwamba hapana yake haina mahali pa kuandikwa. Mara nyingi, huko kwingine, tangazo la mji lilipotoka, waliokuja mbele yake walikuwa wapima ardhi, na waliokuja nyuma yake walikuwa wanunuzi wenye magari meusi.

Hatuwezi kuwadanganya wazee hao kwamba hawatapoteza kitu. Watapoteza. Lakini twawaomba watazame kama kile wanachokilinda kingalipo. Mkutano mkuu wa kijiji unaohudhuriwa na watu 40, katika mahali penye wakazi maelfu kwa maelfu, umebaki jina. Ardhi ambayo mkutano huo ungeilinda imeuzwa tayari, kiwanja kimoja kimoja, na wauzaji walikuwa ni wanakijiji wenyewe. Tunaloliona sisi ni kwamba ulinzi huo wa kale umetoboka, na ulinzi mpya haujashonwa, na katika kipindi hicho cha uchi ndipo madalali wanapotajirika.

Basi twapendekeza jambo ambalo sheria yetu imeliruhusu tangu mwaka 1982, wala halihitaji Bunge litunge neno jipya. Sheria ile ile ya halmashauri za wilaya inaruhusu kuundwa kwa mamlaka ya mji mdogo ndani ya wilaya. Mlandizi, katika Wilaya ya Kibaha, imepewa mamlaka hiyo. Mji mdogo haukatwi kutoka wilayani, kwa hiyo Kisarawe haitapoteza Kiluvya. Vitongoji hubaki, na wenyeviti wa vitongoji, waliochaguliwa na wananchi, huketi ndani ya mamlaka hiyo, kwa hiyo sauti ya mwenyeji haizimwi yote. Na kinachoingia ni kile kilichokosekana: ofisi pale pale Kiluvya, yenye mpima ardhi na fundi wa ujenzi na bwana afya, na kisanduku cha fedha ambamo sehemu ya ushuru wa Kiluvya hubaki Kiluvya.

Tusifichane, miji midogo mingine iliyotangazwa katika nchi hii haikupewa ila ubao wa rangi ya bluu na meza mbili. Ikiwa Kiluvya itapewa ubao tu, heri iachwe ilivyo. Twataka Halmashauri ya Kisarawe iseme mapema, kwa hesabu iliyoandikwa, ni sehemu gani ya ushuru itakayobaki huko, na wahandisi wangapi watakaohamia huko na familia zao wakaishi katika matope yale yale.

Na barabara. Kuna jambo moja ambalo kila tukilifikiri hutufanya tutabasamu, ingawa si jambo la kuchekesha. DAWASA ilipotaka kuwapelekea maji watu wa mji wa Kisarawe, waliokuwa wamekaa na kiu miaka mingi juu ya kilima chao, ilitandaza bomba kutoka Kibamba. Maji hayakuambiwa yarudi Mbezi, yapite Kinyerezi, yapande daladala ya Gongo la Mboto. Yalipitishwa njia ya karibu. Ikiwa bomba laweza kwenda kutoka upande huu wa wilaya hadi upande ule, twadai binadamu naye apewe heshima hiyo: njia ya kuunganisha Kiluvya na Kisarawe moja kwa moja, ipitike masika na kiangazi, kwa gari la abiria lenye nauli ya kawaida. Ijengwe kwa uangalifu, maana huko njiani ndiko kuliko na mabaki ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo mkaa na nyumba zimekwisha kuimega sana, na barabara mbaya hubeba msumeno kwa wepesi kama inavyobeba mgonjwa.

Wako watakaotwambia kwamba siku hizi mambo haya yote hufanywa kwa simu, kwamba mtu hupata namba ya malipo akiwa kitandani na hana haja ya kwenda bomani. Twashukuru kwa simu. Haijapata kuchimba mtaro.

Tumeacha mwishoni jambo ambalo tungetaka madiwani wa Kisarawe wakalitazame kwa macho yao wenyewe, wasilisome gazetini tu. Wafike Kiluvya siku ya kazi, wawaulize wenyeji makaburi yako wapi. Kijijini swali hilo halina maana. Kila ukoo ulizika katika shamba lake, chini ya mwembe wake. Lakini shamba limeuzwa, na mwembe umekatwa, na juu ya babu ya mtu pamejengwa choo cha mpangaji ambaye hana habari. Mgeni aliyetoka Iringa au Kigoma, akifiwa, hupitisha mchango wa kusafirisha maiti kwao, na asiyeweza mchango huanza kuomba nafasi nyumba hata nyumba. Ekari 10 za kuzikia wafu, ekari 3 za soko, uwanja wa watoto kucheza mpira, na hatua 12 za upana kwa kila njia: vitu hivyo leo vyaweza kununuliwa kwa bei ambayo halmashauri ya wilaya inaiweza, kwa sababu viko viwanja ambavyo havijajengwa bado. Baraza la madiwani lina vikao vyake kila robo ya mwaka. Twaomba kikao kijacho kiiweke Kiluvya katika ajenda, na kabla ya kikao hicho mtu mmoja mwenye kamba na vigingi atumwe akapime ekari hizo kumi.